Shikome ya Mama Otmar

Mvua zikishakatika na mtama ukishavunwa, Mama Otmar alikuwa jirani asiyevumilika. Alfajiri, kabla mume wangu hajatawadha, nilisikia ufagio wake wa vijiti ukikwaruza ardhi, na vumbi lote likivuka ua na kuingia kwangu. Watu wengine kipupwe kikija hukaa kitako wakamshukuru Mungu kwamba jembe limepumzika. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anakunja vitenge vyake na kuanza kazi. Nyasi za uwanjani aling'oa na mizizi yake. Ua wa minyaa alikata kichwa hadi ukawa sawasawa pande zote, amejifunga kitambaa usoni kwa sababu utomvu wa minyaa ukikuingia jichoni utakiona cha mtema kuni. Akimaliza hapo, anachota samadi mbichi ya ng'ombe, anaichanganya na maji na majivu, na kuusiliba uwanja wa kupuria hadi unang'aa. Ndipo anaposhusha vikapu vya viazi vitamu, anavichemsha, anavikata vipande na kuvianika juu ya jiwe kubwa lililokuwa mbele ya nyumba yake. Hayo ndiyo matobolwa, na yake yalikuwa matamu kuliko ya mtu yeyote kijijini. Hilo nalisema ingawa vumbi lake limenikohoza miaka mingi.

Jina lake hasa lilikuwa Serafina. Alikuwa Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa kweli, mfupi, mwenye sauti ndogo na shingo ngumu. Aliolewa na Telesphori, Msukuma, wakajaliwa binti wawili walioolewa Bukombe na mwana mmoja, huyo Otmar, aliyekwenda Nyarugusu kutafuta dhahabu.

Mimi, Mama Nassibu, na mume wangu Shaaban hatukuwa watu wa kule. Tulitoka Ngokolo, Shinyanga mjini, tulikozaliwa na kuoana. Mwaka sabini na tano, watu walipokusanywa kwenye vijiji vipya, mume wangu aliona kwamba panapokusanyika watu wengi hapakosi suruali za kushona. Basi tukahamia kijiji kimoja kando ya barabara ya Masumbwe, na cherehani yetu, na kabati, na vyombo vyangu vyote vya udongo ambavyo nusu yake vilivunjika njiani. Siku hiyohiyo lori lingine lilimshusha Mama Otmar na mumewe. Wenzake walikuwa wameshika vitanda na viti. Yeye alikuwa amekumbatia mzigo wa matawi mabichi ya minyaa aliyoyakata kwenye ua wa boma lake la zamani, utomvu umemtiririka hadi viwikoni. Nilimwambia Shaaban kwamba tumepata jirani mwenye wazimu. Jirani mwenyewe jioni ileile alikuwa ameshayachomeka ardhini kuzunguka kiwanja, kabla nyumba haijapata hata mlango.

Sasa nieleze habari ya shikome, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki. Shikome kwa Wasukuma ni mahali pa moto mbele ya boma, nje kabisa, ambapo wanaume hukaa jioni wakiota moto wa samadi kavu, wakipiga soga na kungoja ugali. Mwanamke huleta chakula pale, huweka, huondoka. Hakai. Boma likiwa halina tena mwenyewe, watu hawasemi mengi, husema tu kwamba shikome yake haiwaki. Kule walikotoka kila mzee alikuwa na wenzake wa kuota nao, waliozoeana tangu ujana. Malori yaliwatawanya, huyu akashushwa hapa, yule kijiji kingine. Kwa hiyo pale kwetu kila mwanamume alikoka kamoto kake na kukaa nako peke yake, kama mtu anayelinda mahindi yasiliwe na nyani.

Telesphori naye alikoka kake kila jioni. Kisha masika ya mwaka sabini na saba akaugua ghafla, na kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali akafariki. Tulimlilia sana, alikuwa mtu mwema. Siku ya kumaliza matanga ukoo wake ulikusanyika, na mzee wao, Maganga, baba mdogo wa marehemu, akatoa uamuzi. Mjane hawezi kukaa na boma peke yake. Ng'ombe wake waingizwe zizini kwa Maduhu, kaka yake Telesphori, aliyekaa mstari wa tatu wa nyumba pale pale kijijini. Yeye mwenyewe angoje mavuno. Baada ya mavuno ukoo utarudi, na ukikuta shikome haiwaki, atahamia kwa Maduhu na kuishi chini ya wake zake wawili, na kiwanja kitarudishwa kijijini apewe mwingine. Ikiwa Otmar atakuwa amerudi na kukoka moto wa baba yake, basi mama yake atabaki.

Otmar alipelekewa habari na kila mtu aliyekuwa anaelekea Nyarugusu. Jibu lililorudi lilikuwa kwamba analia sana, anasalimia sana, lakini duara lao, yaani shimo wanalochimba, limekaribia mwamba wenye mali, akitoka sasa wenzake watagawana bila yeye. Nilitamani kumfuata nimkamate sikio. Mama yake aliingia ndani, akatoka na ufagio.

Kipupwe hicho alifanya kazi ya uwanja kuliko miaka yote, na mimi nilikwenda kumsaidia, kwanza kwa huruma, pili kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuona vumbi bila kujua linatoka kwenye nini. Samadi sikuwahi kuishika maishani. Alinionyesha namna ya kuipaka kwa kiganja huku unarudi nyuma, kila duara likigusa lililotangulia. Sehemu yangu ilipokauka ilipasuka vipande vipande. Aliitazama, akaitazama tena, akasema kwa upole wake kwamba labda watu wa mjini tumeumbwa kwa ajili ya saruji. Nikairudia. Samadi yenyewe alikuwa anaifuata kwa Maduhu alfajiri, na kapu kichwani, anapiga goti na kumwamkia, shikamoo shemeji, na shemeji anaitikia marahaba bila kujua kwamba anatoa kuni za moto ambao hataki uwake. Maana nilikuwa nimekwishaona anachokifanya. Kile alichobakiza kwenye uwanja alikianika nyuma ya jiko kikauke.

Nikamuuliza wazi kama anakusudia kukoka shikome yeye mwenyewe, mwanamke. Nikamwambia watu watamcheka. Na huko kwa Maduhu kwani kuna ubaya gani, hatalala njaa, hatapigwa, mzee mkali kwa mdomo tu.

Alikuwa amechuchumaa, mikono imejaa samadi hadi vifundoni. Hakuinua uso.

"Mama Nassibu, mimi nimeshahamishwa mara moja," alisema. "Niliiona nyumba yangu inaezuliwa nikiwa nimesimama kwenye lori. Nikapanda ua, ukaota. Nikamzika mume wangu pale nyuma. Mara ya pili siwezi."

Nilichota samadi nyingine.

Jioni uwanja ulipokauka alikoka moto. Aliweka vigoda vya marehemu kuuzunguka, akafukia viazi vitamu kwenye majivu ya kando, kisha akarudi zake mlangoni kwa jiko na kukaa hapo akimenya karanga. Kusema kweli palikuwa pazuri. Jua lilikuwa linazama nyekundu kwa vumbi la kiangazi, ule uwanja umetulia kama mkeka mpya, matobolwa yanakauka juu ya jiwe, moshi wa samadi umelala chini na kufukuza mbu. Wanaume walipita barabarani wakirudi kutoka kisimani na ng'ombe. Walipunguza mwendo, wakaangalia vigoda, wakasema "Mwadila", ndiyo salamu yao ya jioni, wakaenda zao. Kesho yake vilevile, na jioni zilizofuata vilevile. Hakuna aliyekanyaga. Wengine walianza kuuita moto wa mjane. Kila asubuhi Mama Otmar alikusanya viazi visivyoliwa na kuniletea, na mimi nilivila kwa uchungu, maana kila kiazi kilichobaki kilikuwa kinamsogeza kwa Maduhu.

Ndipo mume wangu akafanya jambo lake. Shaaban alikuwa fundi hodari wa suruali, lakini mila za watu hazikumwingia kichwani hata kidogo. Jioni moja alikuwa anatoka kupeleka shati kwa mteja, baridi imemkaba na kikohozi chake, akapita pale, akasikia harufu ya kiazi kinachoungua. Aliingia moja kwa moja. Akapiga hodi, akakaa kwenye kigoda, akashika kijiti, akauchochea moto hadi ukawaka vizuri, akala kiazi chake, akala cha pili, akaja nyumbani amefurahi. Aliniambia kwamba kwa Mama Otmar pana raha, na hajui kwa nini watu hawaendi.

Asubuhi yake kisimani Zipora, mke mdogo wa Maduhu, alinishika mkono na kunipa pole. Nikauliza ya nini. Akasema kijiji kizima kimesikia kwamba Baba Nassibu amechochea moto kwa Mama Otmar. Nikacheka, nikasema na achochee, viazi viive. Wanawake wote wakatazama chini. Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba mwanamume wa nje akiushika na kuuchochea moto wa boma la mjane, ametangaza nia. Kukaa si kitu. Kuchochea ndiyo neno lenyewe.

Nilifura kama andazi. Ndoo niliirudisha tupu. Shaaban nilimkuta anatunga uzi kwenye sindano, na yale niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Maskini aliapa kwa kila alichokijua kwamba alifuata kiazi. Nikamwacha na uzi wake, nikaenda kwa jirani yangu nimpe na yeye fungu lake. Nilimwaga yote, tena kwa sauti. Mama Otmar alisikiliza mdomo wazi, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye uwanja wake aliousiliba, machozi yakimtoka. Tangu mumewe afe sikuwa nimemwona anacheka.

"Mama Nassibu," alisema alipopata pumzi, "nimezika mume mmoja mzima, ndiyo unipe mwingine anayekohoa hivyo?"

Ningefanya nini? Nilitaka kubaki na hasira yangu lakini ilinikimbia. Tulikaa pale chini tukafikiri pamoja. Shaaban akiacha kwenda, watu watasema ameona haya, kumbe ilikuwa kweli. Kwa hiyo tuliamua aende tena, jioni ileile, na mimi niende na mkeka wangu nikae mlangoni kwa jiko na mwenye nyumba, mahali ambapo kila apitaye atatuona tunamenya karanga kama ndugu.

Hatujamenya hata bakuli moja, Maduhu akaingia. Alikuwa mzee mrefu, fimbo mkononi, koti la jeshi la zamani mabegani. Alisimama mbele ya Shaaban. Mume wangu, mwenye adabu zake za mjini, aliinuka mara moja, akamwamkia, akampisha kigoda na kumwambia viazi vimeiva. Maduhu hakukaa. Aliuliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani ni nani aliyemruhusu kuchochea moto wa mdogo wake.

Shaaban aliwaza kidogo.

"Baridi, mzee," alijibu.

Maduhu alimtazama kama anayetafuta alipofichwa ujanja. Hakuupata, kwa sababu haukuwapo. Akaanza kumhoji, ukoo wake ni upi, baba yake alitoka wapi, ng'ombe anao wangapi, na Shaaban alijibu kila swali kwa ukweli, pamoja na lile la ng'ombe, ambalo jibu lake lilikuwa kwamba ana mbuzi mmoja na hampendi. Watu wanaopita walisimama kusikiliza kesi. Valerian, mwalimu wa dini, akaingia ili aamue ugomvi ukitokea. Theonest, aliyekuwa anachunga ng'ombe wa shule, akaingia kwa sababu Valerian ameingia. Mahojiano yakawa marefu, miguu ya mzee ikachoka, akakaa, akisema anakaa ili amuone mtu huyu vizuri usoni. Akapewa kiazi. Akakila.

Mimi na Mama Otmar hatukuthubutu kutazamana. Mazungumzo yalihama kutoka kwa Shaaban yakaenda kwenye mbuzi, kutoka kwenye mbuzi yakaenda kwenye ng'ombe, na kutoka kwenye ng'ombe yakaenda kule walikotoka, mabwawa ya kule, malisho ya kule, nani alikuwa na fahali gani. Maduhu alikuwa anazungumza kuliko wote. Sikujua kwamba mzee yule anaweza kuchekesha. Ugali ulipoiva Mama Otmar aliwapelekea, akaweka, akarudi. Wakati wa kuondoka Maduhu alisema tu kwamba mafiga ya moto yamekaa vibaya, upepo wa kipupwe unaleta moshi machoni kwa watu. Kesho yake mchana alikuja kuyapanga upya. Jioni alirudi kuona kama yamekaa sawa, na baada ya hapo hakutafuta sababu tena.

Jioni za mwezi ule wa saba sizisahau. Wanaume walikuja mmoja mmoja, kila mtu na kigoda chake, mpaka Mama Otmar akalazimika kufagia kipande kingine cha uwanja kuelekea barabarani na kusogeza ua. Walipuria mtama wa watu wawili watatu pale pale kwa zamu, kwa kuwa hakukuwa na uwanja mgumu kama ule. Wanawake tulikaa upande wetu, tumejifunika vitenge viwili viwili, na watoto walilala mapajani. Nilianza kuona kwamba tulikuwa kijiji. Kabla ya hapo tulikuwa watu walioshushwa mahali pamoja.

Lakini ukoo ulikuwa haujarudi, na Mama Otmar hakulisahau hilo hata siku moja. Alikuwa anakonda.

Walikuja alasiri, Maganga na wazee wenzake wawili. Walizunguka ua, wakautazama uwanja, wakakaribishwa motoni, wakala matobolwa na karanga. Sisi majirani tulikuwapo, hakuna aliyetufukuza. Otmar alikuwa bado Nyarugusu. Maganga alipomaliza kula alijifuta midomo na kusema kwamba ameona moto, hawezi kukataa kuwa ameuona. Lakini moto uliokokwa na mwanamke na kuchochewa na fundi cherehani si shikome, ni jiko lililowekwa nje. Neno la ukoo liko palepale. Akamgeukia Maduhu na kumuuliza ni siku gani nyumba ya kumpokea shemeji yake itakuwa tayari.

Mama Otmar alikuwa ndiyo anatoka jikoni na sinia la ugali. Alisimama pale alipokuwa. Nilimwona anavyobana midomo.

Maduhu aligeuzageuza fimbo yake, akaangalia vile vigoda, akawaangalia Valerian na Theonest na mume wangu.

"Mkimhamisha," alisema, "mimi jioni nitakaa wapi?"

Maganga alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza, kwani kwake hana shikome?

"Nina moto, baba," Maduhu alisema. "Sina watu."

Mmoja wa wale wazee wawili, ambaye tangu afike hakuwa amefumbua mdomo, alitikisa kichwa polepole na kusema hata kwake ni hivyohivyo, tangu wahamishwe anaota moto na mbwa. Maganga alikuwa mzee mwenye kiburi na sikumtegemea, lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema basi waseme ukoo ulikuja kuota moto kwa mke wa mtoto wao, ukala, ukashiba. Na ng'ombe wa marehemu warudishwe zizini kwake kesho, maana moto huu unataka samadi.

Maduhu aliinuka. Alichukua kigoda chake mwenyewe, akakibeba hadi aliposimama Mama Otmar, akarudi nacho pamoja naye mpaka kwenye duara la wanaume, akakiweka kati yake na Maganga.

"Kaa, shemeji," alimwambia. "Moto ni wako, unasimama kwa nini?"

Mimi nililia, wala sioni haya kusema. Mama Otmar alitazama kile kigoda kama mtu aliyeonyeshwa kiti cha padri, kisha akakaa, taratibu, akipanga kitenge chake magotini. Sinia lilikuwa bado mikononi mwake na ni dhahiri alikuwa amesahau kwamba amelishika. Alikaa nalo hivyo mapajani, moto ukimwangaza usoni, hadi Shaaban alipokohoa na kuuliza, kwa adabu, kama ule ugali ni wa kuliwa.